Maswali Yenu ya Ufugaji: Dume Uliyembakiza Bandani

Barua za safari hii zimezidi nafasi niliyopewa, na nyingi zinauliza jambo lile lile: nifuge nguruwe wa koo safi au chotara? Nimechagua sita. Ya kwanza nimeiachia nafasi kubwa kwa sababu aliyeiandika anatunza daftari, na mfugaji mwenye daftari ndiye ninayeweza kumsaidia hata nikiwa mbali na banda lake.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mfugaji wa Mbozi. Miaka mitano iliyopita nilikuwa na majike wawili weusi wa kienyeji. Nikauza kahawa, nikanunua dume wa Large White, koo safi. Uzao wa kwanza walikuwa wanane na saba, wakapona wote, na kwa miezi minane wengi walipita kilo 70, wakati kienyeji zangu hawakuwahi kufika 40 kwa umri huo. Yule dume alikuwa mzito mno kwa majike wangu, nikamuuza. Nikambakiza mwanawe mmoja, mrefu na mnene kuliko wenzake wote. Huyo akapanda dada zake, wakazaa tisa, kumi, nikafurahi. Lakini watoto hao hawakulingana. Wengine walidumaa, wengine walikufa kabla ya kuachishwa. Binti zao nao wamepandwa na dume huyo huyo, baba yao. Sasa wanazaa watano, sita, na watoto wakifika miezi minane wana kilo 45. Wawili wamezaliwa na ngiri ya kitovu. Chakula sijabadilisha, banda sijabadilisha. Jirani anasema mbegu ya kizungu imechoka, niuze wote ninunue nguruwe safi watupu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani yako anakutakia mema, lakini ushauri wake utakurudisha hapo hapo ulipo, tena kwa gharama kubwa zaidi. Ngoja nikueleze kilichotokea, maana barua yako imeonyesha kila hatua.

Nguruwe hupokea nusu ya urithi wake kwa baba na nusu kwa mama. Kila ukoo una kasoro zake zilizojificha, na nyingi hazijitokezi mpaka mtoto azipokee kutoka pande zote mbili. Large White aliyetoka Yorkshire, Uingereza, na nguruwe mweusi wa Mbozi hawajachangia babu kwa vizazi na vizazi. Kasoro ya mmoja inafunikwa na uzima wa mwingine. Ndiyo maana wale kumi na watano wa kwanza walipona wote na wakakua vile ulivyoona. Hiyo ndiyo nguvu ya uchotara. Na majike wale chotara walipokuwa mama, nguvu hiyo ilionekana kwenye tumbo lao: tisa, kumi.

Sasa mtazame yule dume. Ulimchagua kwa urefu na unene, na wafugaji wengi wangefanya hivyo hivyo. Ila ukubwa wake ulitokana na damu mbili za mbali kukutana ndani yake yeye. Kukutana huko hakurithishwi. Chotara akipandana na chotara wa mchanganyiko ule ule, hata kama si ndugu kabisa, nusu ya nguvu ile inapotea kwa watoto wao. Na wako walikuwa ndugu. Mtoto wa kaka na dada wa tumbo moja, robo ya jozi zake za vinasaba huwa ni nakala mbili za kitu kimoja, zilizotoka kwa babu au bibi yule yule. Ulipomwacha dume huyo awapande na binti zake, robo ikawa zaidi ya theluthi. Hapo ndipo ngiri zinapojitokeza, korodani zinazobaki ndani, watoto wanaozaliwa bila tundu la haja kubwa. Zilikuwemo tangu mwanzo, zilifunikwa tu.

Huenda unajiuliza kwa nini idadi ya watoto ndiyo iliyoanguka vibaya zaidi. Sifa za nguruwe hazirithiwi kwa kiwango kimoja. Unene wa mafuta ya mgongo hurithiwa vizuri: tofauti unayoiona kati ya nguruwe na nguruwe, karibu nusu yake ni ya damu. Kasi ya kukua ni kama theluthi. Idadi ya watoto ni kama sehemu moja tu ya kumi, na zilizobaki ni chakula, umri wa mama, ugonjwa na matunzo. Na sifa zinazorithiwa kwa shida namna hiyo ndizo zinazonyanyuliwa sana na uchotara, na ndizo zinazoporomoka sana ndugu wakizaana. Kwa hiyo faida kubwa ya chotara hukaa kwa mama: jike chotara anazaa zaidi, maziwa anatoa zaidi, na anaachisha mtoto mmoja au wawili zaidi kuliko mama wa koo safi anayetunzwa sawasawa naye. Wafugaji wengi hutafuta dume chotara mkubwa na kumpuuza jike chotara. Wameshika upande usio na faida.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu yalinipata. Mwaka 1993, nikiwa ofisa mifugo kijana, nilikuwa na jike niliyemwita Subira. Mama yake Landrace, baba yake Large White. Alikuwa akizaa kumi na mmoja, kumi na wawili, na kuachisha kumi. Sikuwa na fedha ya kununua dume mwingine, nikabakiza mwanawe. Baada ya miaka miwili mjukuu wake mmoja alizaa sita, wawili wakiwa wafu na mmoja hana tundu. Nilikaa na yule mdogo kwenye kikapu mpaka alipokufa siku ya tatu. Tangu siku hiyo kila mtoto wa kiume anayezaliwa bandani kwangu anahasiwa kabla ya wiki mbili, hata awe mzuri kiasi gani.

Habari njema ni kwamba tatizo lako linaanza kutibika kwa uzao mmoja tu. Damu iliyokazana haihitaji vizazi vingi kulegea. Jike wako ambaye ni zao la ndugu, akipandwa na dume asiye na undugu naye, watoto watakaozaliwa hawatakuwa na kasoro ya undugu hata kidogo. Watakua vizuri. Idadi yao bado itakuwa ndogo, kwa sababu mama mwenyewe ni zao la ndugu na tumbo ni lake, kwa hiyo usikate tamaa ukiona sita tena. Binti za uzao huo ndio watakaokurudishia kumi. Hesabu mwenyewe: mimba siku 114, binti apandishwe akiwa na miezi minane na mwili wa kutosha, mimba nyingine siku 114. Ni karibu miezi 16 kuanzia leo.

Huyo dume muondoe. Usimuuze kwa mtu kama dume wa mbegu, maana utakuwa umemhamishia mwenzako msiba. Mwite mtaalamu amhasi kwa ganzi, mlishe wiki kadhaa harufu ya dume ipungue, kisha auzwe kwa nyama. Tafuta dume mwingine wa koo safi, wa aina nyingine, kutoka shamba lisilohusiana kabisa na lile la kwanza. Ukitaka kubakiza binti wawe mama, chukua Landrace. Uzao ukiwa wote wa kuuza nyama, Duroc atakufaa. Akija na miezi minane au tisa hatakuwa mzito kwa majike wadogo, na baadaye utengeneze kizimba cha kupandishia chenye kibao cha dume kuegemeza miguu ya mbele. Kwa mbao tu, ungeweza kubaki na yule Large White wako.

Baada ya huyo Landrace, rudi kwa Large White, kisha Landrace tena, kila mara dume mpya, abadilishwe kabla binti zake hawajafikia umri wa kupandwa. Ukizungusha aina mbili hivyo, banda linabaki na theluthi mbili hivi za nguvu ya uchotara mwaka hadi mwaka. Ukizungusha tatu, unabaki na zaidi ya asilimia 85. Binti wa kubakiza mchague kwa daftari la mama yake: alizaa wangapi, aliachisha wangapi. Kisha mhesabu chuchu, zisipungue 14 zilizo hai, na umtazame miguu akitembea.

Ama kuuza wote na kununua safi watupu: dume mmoja na majike watatu wa koo safi, baada ya miaka mitatu watakuwa ndugu kama hawa. Kutunza koo safi ni kazi ya shamba lenye madume mengi wasiohusiana na vitabu vya ukoo. Wewe nunua kutoka kwao dume tu.

SWALI: Habari daktari. Nafuga Busia, Kenya. Nilinunua mitamba wawili wa Landrace, safi kabisa, na jirani yangu ana majike chotara. Tunanunua chakula pamoja, gunia moja tunagawana. Watoto wangu kwa miezi mitano wana wastani wa kilo 48, wa jirani wana 60. Je, niliuziwa Landrace bandia? Kuna mtu ananishawishi ninunue Pietrain.

JIBU: Mimi si daktari, ndugu yangu, ni ofisa mifugo mstaafu, lakini hili naliweza. Kabla hujamlaumu aliyekuuzia, uliza mambo ambayo barua yako haikuyataja.

Majike wa jirani wamezaa mara ngapi? Wako ni mitamba, huu ni uzao wao wa kwanza. Mama wa uzao wa kwanza huzaa wachache, watoto wake huwa wepesi, na maziwa yake ni machache kwa sababu yeye mwenyewe bado anakua. Uzao wa tatu mpaka wa tano ndio bora. Ukilinganisha uzao wako wa kwanza na wa nne wa jirani, unalinganisha umri wa mama ukidhani unalinganisha koo. Nimeona watu wakichinja mitamba wazuri sana kwa kosa hili, na linaniuma kila ninapoliona.

Watoto wako walizaliwa na uzito gani? Aliyezaliwa na kilo moja na nusu na aliyezaliwa na gramu 900 hawatakutana tena njiani, hata wakila pamoja. Mdogo anasukumwa kwenye chuchu za nyuma, zenye maziwa machache, na ndani ya siku mbili au tatu kila mtoto ana chuchu yake na haiachi. Mkono wa mfugaji una kazi saa zile za mwanzo tu: muweke mdogo kwenye chuchu ya mbele, hakikisha amenyonya maziwa ya mwanzo siku ile ile aliyozaliwa. Pia, katika hao wa jirani, wangapi ni madume waliohasiwa? Wanakula kuliko majike na wanaongezeka uzito haraka, ingawa wana mafuta zaidi. Kama yeye ana madume wengi na wewe majike wengi, umeshapoteza kilo kadhaa kabla koo halijatajwa.

Baada ya hayo yote, bado nakubali kwamba chotara wa jirani anaweza kuwa mbele kwa haki. Ana nguvu ya uchotara, nawe huna. Tena Landrace safi ni nguruwe wa nyama nyekundu. Msuli unajengwa kwa protini, na akilishwa chakula hafifu hana namna ya kuonyesha alichonacho. Na Busia ina joto. Nguruwe hana jasho la kumpoza. Joto likizidi anachofanya ni kula kidogo, na anayekula kidogo hakui. Ngozi ya Landrace ni nyeupe, inaungua juani. Mpe kivuli kirefu, upepo upite, na maji ya kumlowanisha mchana. Chotara mwenye damu ya kienyeji anavumilia joto na chakula hafifu kuliko yeye.

Kuhusu neno "safi", huyo Landrace wa Denmark mwenyewe alipatikana mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuchanganya nguruwe wa huko na Large White kutoka Uingereza, kisha wakachaguliwa kwa miaka mingi na kwa vitabu. Na anayekuuzia Camborough akimwita koo safi, mwambie huyo ni chotara wa kutengenezwa, mama mzuri sana, lakini ukizalisha naye na ndugu zake hutapata Camborough mwingine.

Pietrain mwache kwa sasa. Ni nguruwe wa Ubelgiji mwenye misuli ya ajabu, ila katika koo hilo kumekuwa na kinasaba kinachomfanya nguruwe afe ghafla akishtuka au akichoka, na nyama yake kuwa nyeupe na yenye majimaji. Mwaka 1991 watafiti walionyesha chanzo chake, na mashamba makini hupima na kukiondoa. Wewe hujui anayekuuzia kama amepima. Nguruwe atakayefungwa kwenye pikipiki kwa saa mbili za jua la mchana asiwe huyo.

Wapandishe hao Landrace wako kwa dume wa Large White. Binti watakaozaliwa ndio utakaowabakiza, nao wapandwe na Duroc. Mwaka kesho mwite jirani mpime tena.

SWALI: Nimejenga banda jipya la sakafu ya saruji, safi, naliosha kila siku. Kwenye banda la zamani la udongo watoto walikuwa hawana shida. Hapa wakifika wiki tatu wanapauka, manyoya yanasimama, wanahema wakitembea, wengine wanakufa. Je, ni mbegu dhaifu? Mfugaji, Iringa.

JIBU: Ni upungufu wa madini ya chuma. Mtoto wa nguruwe anakua haraka sana, anahitaji miligramu 7 mpaka 10 za chuma kwa siku, na maziwa ya mama yanampa kama miligramu moja. Akiba aliyozaliwa nayo haimfikishi mbali. Kwenye banda la zamani alifukua udongo akaupata humo. Umemjengea nyumba nzuri ukamnyima udongo.

Mchome kila mtoto sindano ya madini ya chuma siku ya tatu, miligramu 200, kwenye msuli wa shingo. Wale waliokwisha kupauka wachome leo. Kama duka la dawa liko mbali, chimba udongo mwekundu mahali ambapo nguruwe na watu hawajajisaidia, uwawekee kiganja kimoja kila siku kwenye kona kavu. Saruji usiivunje. Ila Iringa kuna baridi, na mtoto aliyezaliwa leo anataka joto la nyuzi 32 hivi wakati mama yake anaridhika na 18. Watengenezee kijisanduku chenye nyasi kavu na taa au jiko lililokingwa vizuri, mahali mama asipoweza kulala juu yao.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni kijana wa Morogoro, nina chotara wa Large White na Duroc, mbegu nzuri. Nawapa pumba za mahindi wanashiba kabisa, na mabaki ya hoteli mara tatu kwa wiki. Wana matumbo makubwa lakini mgongo hauongezeki. Nibadilishe mbegu?

JIBU: Marahaba. Usibadilishe. Tumbo kubwa na mgongo mwembamba ni picha ya nguruwe aliyeshiba bila kula protini.

Pumba za mahindi zina protini kama asilimia 10, na protini yenyewe ina upungufu wa laisini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, ambayo nguruwe hawezi kuitengeneza mwilini. Ikiisha hiyo, asidi amino nyingine zote zilizobaki hazijengi msuli, zinageuka mafuta na mkojo. Fikiria fundi mwenye matofali elfu moja na mfuko mmoja wa saruji. Alizeti nayo ina laisini kidogo. Soya na dagaa ndio wenye nayo.

Huu ndio mchanganyiko ninaowapa wangu kuanzia kilo 30 mpaka 60, kwa kila kilo 100: pumba za mahindi kilo 60, mahindi yaliyoparazwa 10, mashudu ya alizeti 15, soya iliyokaangwa na kusagwa 10, dagaa 3, chokaa ya mifugo 1, chumvi nusu kilo, na premiksi ya nguruwe (mchanganyiko wa vitamini na madini) nusu kilo. Inakupa protini ya asilimia 16 hivi. Akipita kilo 60 punguza soya na dagaa, maana mahitaji yake yanashuka na dagaa ukimpa mpaka siku ya kuchinja nyama inanuka samaki. Soya usimpe mbichi hata siku moja. Ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe, na moto ndio unaokiharibu. Kaanga mpaka ganda lipasuke na harufu ibadilike, usiunguze. Dagaa wachambue mchanga. Wa vumbi ni wa bei rahisi kwa sababu unanunua mchanga.

Mabaki ya hoteli yachemshe nusu saa, kila safari, na yakorogwe yakichemka. Ndani yake mna mifupa na vipande vya nguruwe wa watu wengine. Sababu utaisoma kwenye barua inayofuata.

Na maji. Hukuyataja, na wanaokaa kimya kuhusu maji mara nyingi ndio wenye tatizo. Jike anayenyonyesha anakunywa lita 20 mpaka 35 kwa siku. Nguruwe wako wakinywa asubuhi na jioni tu, watakula kama walivyokunywa. Kisha wape dawa ya minyoo, na ukiona wanajikuna ukutani tibu upele, kwa sababu nguruwe anayejikuna siku nzima anachoma chakula chako bure. Soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuchinja, uziheshimu.

SWALI: Ni kweli kwamba chotara wenye damu ya kienyeji hawafi kwa homa ya nguruwe? Mfugaji, Mbinga.

JIBU: Si kweli, na aliyekuambia hivyo usimruhusu kuingia bandani kwako. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya, mwaka 1921. Wanaokaa nayo bila kuugua ni ngiri wa porini, na kupe laini wa kwenye mashimo yao wanaihifadhi. Nguruwe wetu wa kufugwa, awe safi, awe chotara, awe mweusi wa kienyeji, anakufa. Haina tiba, na asikuuzie mtu sindano ya antibiotiki akidai inaitibu, maana antibiotiki haiui virusi.

Hata dume mzuri niliyemsifu kwenye barua ya kwanza anaweza kukuletea. Mgeni yeyote akae peke yake siku 30, mbali na wengine, na mtu wa kumlisha abadilishe viatu. Usiazime dume kijijini kipindi ambacho vifo vinasikika. Mnunuzi abaki nje ya uzio, na nguruwe umtoe wewe. Wakianza kufa ghafla, masikio na tumbo vikiwa vyekundu au vya zambarau, mwite ofisa mifugo siku ile ile, usichinje, usiuze, usimgawie jirani nyama. Najua ni vigumu unapotazama mtaji wote umelala chini. Nimesimama na familia zilizopoteza nguruwe wote kwa siku kumi, na katika vijiji viwili ugonjwa uliingia kwa nyama iliyonunuliwa bei nafuu.

SWALI: Mchuuzi anakuja na kuangalia kwa macho, anasema "huyu ni kilo 60". Sina mzani. Nitajuaje? Mama mfugaji, Makambako.

JIBU: Dada yangu, unahitaji futi ya fundi cherehani tu. Mpe nguruwe chakula kidogo atulie, ashike kichwa sawa. Zungushia futi kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, isikaze wala isilegee. Kisha pima urefu juu ya mgongo, kutoka katikati ya masikio mpaka mkia unapoanzia. Chukua mzunguko wa kifua, uuzidishe kwa wenyewe, zidisha kwa urefu, kisha gawanya kwa 14,400. Jibu ni kilo za nguruwe mzima, kwa kukaribia.

Mfano: kifua sentimita 105, urefu sentimita 100. Mara 105 kwa 105 ni 11,025. Mara 100 ni 1,102,500. Gawanya kwa 14,400 unapata kilo 76 na nusu. Huyo ndiye wa mchuuzi wako mwenye "kilo 60". Pima asubuhi kabla hajala wala kunywa sana, pima mara mbili, uandike tarehe. Ukimpima kila wiki mbili utaona pia ni nani anaongezeka na nani amesimama, na ni mama yupi aliyewazaa wanaoongezeka. Mchuuzi akifika, mfungulie daftari kwenye ukurasa wa nguruwe huyo na umpe futi apime mwenyewe.